Wengi Wape? Kiswahili na Maamuzi ya Pamoja Nchini Uganda, 1927–2022

Utangulizi

Wahenga walituachia methali isemayo, "Wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe." Methali hii husikika sana vikaoni, hasa pale mjadala unapokuwa mrefu na wajumbe wameanza kutazama saa. Mwenyekiti huitaja, mikono huinuliwa, katibu huhesabu, na jambo huandikwa katika kumbukumbu za kikao kuwa limeamuliwa. Katika makala haya tunakusudia kuitazama methali hiyo kwa jicho la historia. Swali letu ni hili: je, wengi wakishapewa, ubishi huwa umekwisha?

Mfano tunaoutumia ni historia ya Kiswahili nchini Uganda. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, katika karne ya ishirini nchi hii iliulizwa swali moja mara tatu, yaani Kiswahili kipewe nafasi gani, na kila mara ilijibu kwa njia tofauti: mara ya kwanza kwa waraka wa gavana, mara ya pili kwa kura na amri ya rais, na mara ya tatu kwa tume na bunge la katiba. Ni nadra kupata mfano unaoturuhusu kulinganisha njia tatu za kuamua jambo lilelile. Pili, sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda tunaishi na matokeo ya maamuzi hayo. Mwanafunzi anayeuliza darasani, "Kwa nini tujifunze lugha ya askari?" anarudia ubishi ulioanza kabla babu yake hajazaliwa.

Hoja yetu ni kwamba uamuzi kuhusu Kiswahili ulikwama kila mara hofu ya waliopinga ilipoachwa bila jibu, na ulianza kupata njia pale lugha zao nazo zilipowekewa mahali pake. Hatudai kwamba kura ni kitu kibaya. Tunachodai ni kwamba kura hueleza upande upi una watu wengi zaidi, lakini haielezi kwa nini wale wengine wamekataa.

Kukata shauri na kufikia mwafaka

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, inafaa tutazame maneno tunayoyatumia. Neno "shauri", lenye asili ya Kiarabu, limebeba maana kadhaa katika Kiswahili. Shauri ni nasaha, kama tunavyosema "nipe shauri". Shauri ni jambo linalosubiri kuamuliwa. Vilevile shauri ni kesi, ndiyo maana mahakamani husikilizwa mashauri. Kwa hiyo neno lenyewe linatukumbusha kwamba kushauriana na kugombana ni mambo yanayokaa nyumba moja. Anayetaka ushauri wa wengi ajiandae kwa ubishi wa wengi.

Ubishi huo unaweza kumalizwa kwa namna mbili, na Kiswahili kimezipa majina tofauti. Tunaweza "kukata shauri", na tunaweza "kufikia mwafaka". Anayekata shauri anaweza kuwa mtu mmoja, au wengi dhidi ya wachache. Mwafaka hauwezi kuwa wa mtu mmoja wala wa upande mmoja. Ndiyo maana makubaliano ya mwaka 1999 na ya mwaka 2001 kati ya vyama vya CCM na CUF kuhusu Zanzibar yaliitwa Mwafaka na si uamuzi. Tutayatumia maneno haya mawili kwa tofauti hiyo katika sehemu zinazofuata.

Waraka wa gavana na jibu la Buganda, 1927–1931

Kiswahili kilifika Buganda pamoja na wafanyabiashara kutoka pwani katikati ya karne ya kumi na tisa, na katika ikulu ya Kabaka Mutesa I kilijulikana vyema. Wamisionari wa Kianglikana waliofika mwaka 1877, na wale wa Kikatoliki waliofika mwaka 1879, walikitumia katika siku zao za mwanzo. Hata hivyo, waligeukia Luganda mapema. Biblia nzima ya Luganda ilikamilika mwaka 1896, na walimu wa dini wa Kiganda walikwenda nayo Busoga, Bunyoro, Toro na kwingineko. Kufikia miaka ya 1920, Luganda ilikuwa na vitabu, walimu na makanisa nyuma yake. Kiswahili kwa upande wake kilikuwa lugha ya jeshi la King's African Rifles, ya polisi, ya biashara, na machoni pa wamisionari wengi kilikuwa lugha ya Uislamu.

Katika hali hiyo, mnamo mwaka 1927, Gavana William Gowers aliandika waraka uliopendekeza Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya elimu na ya utawala katika sehemu kubwa ya Uganda. Hoja yake haikuwa dhaifu. Aliona kwamba lugha nyingine za wenyeji zingemfikisha mwanafunzi mahali pasipo na njia ya kuendelea, ilhali Kiswahili kingemuunganisha na Kenya na Tanganyika.

Jibu la Buganda lilikuwa kali. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika kupinga mpango wowote ambao ungefanya Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Waganda badala ya lugha yao au kwa hasara ya lugha yao. Tunawaomba wasomaji wayaangalie maneno hayo ya mwisho. Kabaka hakupinga mtu kujifunza Kiswahili. Alipinga Kiswahili kukalia kiti cha Luganda. Viongozi wa makanisa, Waanglikana na Wakatoliki, nao walipinga, kwa sababu kazi yao ya nusu karne ilikuwa imeandikwa kwa lugha za wenyeji, na kwa sababu ya hofu yao kuhusu Uislamu.

Kulikuwa na hofu nyingine iliyokuwa kubwa kuliko hizo. Katika miaka hiyohiyo serikali ya Uingereza ilikuwa ikichunguza uwezekano wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Tume ya Hilton Young ilitoa taarifa yake mwaka 1929, na mwaka 1931 kamati ya pamoja ya Bunge la Uingereza ilisikiliza mashahidi mjini London. Serwano Kulubya, Mweka Hazina wa Buganda, alikuwa miongoni mwa Waafrika waliosafiri kwenda kuieleza kamati hiyo msimamo wa nchi zao. Waganda waliogopa kwamba muungano ungewaweka chini ya walowezi wa Kenya, na kwamba ardhi yao ingefuata njia ya ardhi ya Kenya. Kiswahili kilionekana kuwa mlango wa kuingilia muungano huo. Kwa hiyo waliokuwa wakibishana juu ya lugha walikuwa pia wakibishana juu ya ardhi na mamlaka. Gavana alijibu swali la lugha peke yake, na swali la ardhi na mamlaka likabaki pale pale.

Ikumbukwe kwamba katika miaka hiyo hata wenye Kiswahili chenyewe hawakuulizwa. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu na kuiacha Kimvita, iliyokuwa ikitetewa na wamisionari wa Mombasa. Kamati ya Lugha ya nchi nne, Uganda ikiwamo, ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930. Wajumbe wake walikuwa maofisa wa serikali na wamisionari, na Waafrika walianza kuhudhuria vikao vyake mwaka 1946. Usanifishaji ulituachia chombo chenye manufaa makubwa, na makala haya yenyewe yameandikwa kwacho. Lakini malalamiko ya washairi na wasomi wa Mombasa kuhusu kuachwa kwa Kimvita yalidumu kwa miongo mingi baada ya kamati kudhani kwamba shauri limekatwa.

Nchini Uganda mpango wa Gowers ulififia. Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika orodha ya lugha zilizotambuliwa shuleni, isipokuwa katika shule za polisi. Historia ina mzaha wake: katika mwaka huohuo ofisi ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilihamia Makerere, ikakaa hapo karibu miaka kumi. Uganda ikawa makao ya utafiti wa lugha ambayo shule zake zilikuwa zimeiacha.

Kura ya mwaka 1973

Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, Kiingereza kilibaki kuwa lugha rasmi. Rais Milton Obote alilizungumzia tatizo hilo hadharani mwaka 1967, akieleza ugumu wa kuchagua lugha moja ya Kiafrika bila kuziudhi nyingine. Haikuwa hofu ya bure. Luganda, iliyokuwa na wasemaji wengi kuliko lugha nyingine yoyote nchini, ilikuwa na historia yake. Mwanzoni mwa karne Semei Kakungulu na wafuasi wake waliieneza katika utawala wa sehemu za mashariki, na mwaka 1907 Wanyoro waliwaasi mawakala wa Kiganda katika tukio linalojulikana kama Nyangire, yaani "nimekataa". Kaunti za Buyaga na Bugangaizi zilirudi Bunyoro kwa kura ya maoni ya mwaka 1964. Kisha mwaka 1966 majeshi ya serikali yalishambulia ikulu ya Kabaka, Mutesa II akakimbilia Uingereza, na mwaka 1967 falme zote zikafutwa. Kila upande ulikuwa na kidonda.

Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971, swali la lugha ya taifa liliibuka tena. Mwaka 1973 wawakilishi wa wilaya ishirini waliulizwa wachague lugha ya taifa. Wilaya kumi na mbili zilichagua Kiswahili na wilaya nane zilichagua Luganda. Tarehe 7 Agosti 1973 Amin alitangaza kwamba Kiswahili ndicho lugha ya taifa ya Uganda.

Kwa mujibu wa methali yetu, shauri lilikuwa limekatwa. Wengi walipewa. Lakini tukizitazama kura zile kwa makini tunaona mambo matatu.

Kwanza, wengi wa waliochagua Kiswahili hawakuwa wakikichagua Kiswahili hasa. Walikuwa wakiikataa Luganda. Kwao Kiswahili kilikuwa na sifa moja kubwa, nayo ni kwamba hakikuwa lugha ya jirani aliyewahi kuwatawala. Uamuzi uliojengwa juu ya kukataa kitu hauna mtu wa kuubeba siku ya utekelezaji, kwa kuwa aliyekataa amekwisha kupata alichotaka.

Pili, wilaya nane si idadi ndogo. Buganda ndiko ulikokuwa mji mkuu, ndiko zilikokuwa shule nyingi za zamani, magazeti, na sehemu kubwa ya walimu. Wachache hao walioshindwa kwa kura ndio ambao uamuzi ungewahitaji ili utekelezwe. Na kura haikuwapa kitu chochote. Luganda haikuahidiwa nafasi yoyote, na falme zilikuwa zimefutwa.

Tatu, kura ilipigwa chini ya serikali ya kijeshi, nchi ikiwa haina bunge, na mwaka mmoja baada ya Waasia kufukuzwa. Haikuwa rahisi mtu kusimama na kusema kwa uwazi kile anachokihofia. Hofu isiyosemwa kikaoni husemwa nyumbani, na huko hakuna mwenyekiti wa kuijibu.

Matokeo yanajulikana. Kiswahili kilisikika redioni na katika televisheni, lakini hakikuingia madarasani kama somo la kila mtoto. Hapakuwa na walimu wa kutosha wala vitabu, na Kiingereza kiliendelea kufanya kazi ilizokuwa ikifanya. Mahali ambapo Kiswahili kilishamiri ni kambini na katika vizuizi vya barabarani, mikononi mwa askari walioogopwa na raia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia Kampala pamoja na wapiganaji wa Uganda, na katika miaka ya 1981 hadi 1986 wapiganaji wa msituni wa NRA nao walikitumia Kiswahili kambini mwao. Kwa raia wengi, iwe askari alikuwa rafiki au adui, Kiswahili kiliendelea kuwa lugha ya mtu mwenye bunduki. Kwa mantiki hiyo, uamuzi wa 1973 ulikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya watu wote, na yaliyofuata yakakifanya kizidi kuwa lugha ya wachache wenye nguvu.

Tume, Bunge la Katiba na marekebisho ya 2005

Mara ya tatu swali liliulizwa kwa namna nyingine. Sheria iliyounda Tume ya Katiba ilipitishwa mwaka 1988, na Jaji Benjamin Odoki akawa mwenyekiti wa tume hiyo. Tume ilizunguka nchini, ikafanya semina na mikutano, na ikapokea maoni yaliyoandikwa zaidi ya 25,000. Lugha ya taifa ilikuwa moja ya mambo yaliyogawa maoni ya watu. Wapo waliotaka Kiswahili, wapo waliotaka Luganda, na wapo walioona kwamba Kiingereza kinatosha.

Utaratibu wa Bunge la Katiba, lililochaguliwa mwaka 1994, unastahili kuangaliwa na kila mtu anayeongoza vikao. Wajumbe walitakiwa kwanza kutafuta mwafaka. Mwafaka ukikosekana, palihitajika theluthi mbili ya kura. Jambo lililoungwa mkono na wengi lakini likashindwa kufikia theluthi mbili lilihesabiwa kuwa la ubishi, na paliwekwa njia ya kulirudisha kwa wananchi. Maana yake ni kwamba nusu na mmoja zaidi haikutosha. Upande wenye kura nyingi ulilazimika kwenda kuzungumza na upande mwingine.

Katiba iliyotangazwa tarehe 8 Oktoba 1995 haikukipa Kiswahili cheo. Kiingereza kilibaki lugha rasmi. Walimu wa Kiswahili wa wakati ule walikuwa na haki ya kusikitika. Lakini Katiba hiyo ilifanya mambo mawili ambayo waraka wa 1927 na kura ya 1973 havikufanya. Iliruhusu lugha nyingine yoyote itumike shuleni, katika utungaji wa sheria, katika utawala na mahakamani kwa kadiri sheria itakavyoeleza. Na katika malengo ya taifa ilihimiza lugha zote za Uganda ziendelezwe. Tukumbuke pia kwamba falme zilikuwa zimerudishwa mwaka 1993, na Kabaka Ronald Mutebi alitawazwa mwezi Julai mwaka huo. Kwa maneno mengine, lile alilolidai Daudi Chwa mwaka 1929, kwamba Luganda isipoteze kiti chake, lilikuwa limejibiwa kwa kiasi kikubwa.

Hofu hiyo ilipopungua, nafasi ya Kiswahili ilianza kuzungumzwa kwa sauti ya chini zaidi. Waraka wa serikali kuhusu elimu wa mwaka 1992 ulikuwa umependekeza Kiswahili kifundishwe pamoja na Kiingereza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilirudi kwa mkataba wa mwaka 1999. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, kitumike katika mazingira ambayo Bunge litaeleza kwa sheria. Kuanzia mwaka 2007 mtaala wa madarasa matatu ya mwanzo ya shule ya msingi ulitumia lugha za wenyeji kufundishia, jambo lililowahakikishia wazazi kwamba Kiswahili hakikuja kumnyang'anya mtoto lugha ya mama yake. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 uliweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika madarasa mawili ya mwanzo, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Pingamizi mbili

Tunatarajia kwamba wasomaji wetu watakuwa na pingamizi, na ni vyema tuzijibu.

Pingamizi ya kwanza ni kwamba njia ya mwafaka ni ya polepole mno. Kutoka tume ya 1988 hadi marekebisho ya 2005 ni miaka kumi na saba, na kutoka hapo hadi uamuzi wa 2022 ni mingine kumi na saba. Kizazi kizima kimepita. Hatuwezi kukanusha hilo. Wala hatusemi kwamba kila mwaka ulipotea kwa sababu ya kushauriana. Kuna miaka iliyopotea kwa uzembe na kwa kukosa fedha, na kutafuta mwafaka kusiwe kisingizio cha kuahirisha kazi. Lakini tukihesabu kwa haki, amri ya 1973 ilitolewa kwa siku moja, na kabla ya miongo miwili kwisha ilibidi swali lianze kuulizwa upya.

Pingamizi ya pili ni ya Tanzania. Wapo watakaosema kwamba Tanzania iliamua haraka na ikafaulu, kwa hiyo tatizo la Uganda lilikuwa kukosa uthabiti. Jibu letu ni kwamba ubishi wenyewe haukuwa sawa. Tanganyika haikuwa na lugha moja yenye wasemaji wengi, ufalme, vitabu na makanisa ya kushindana na Kiswahili. Zaidi ya hayo, chama cha TANU, kilichoanzishwa mwaka 1954, kilikitumia Kiswahili katika mikutano ya kudai uhuru. Uamuzi wa serikali ulipokuja, ulikuta watu wamekwisha kuamua wenyewe mikutanoni. Kwa hiyo hata mfano wa Tanzania hauonyeshi kwamba amri inatosha.

Funzo kwa walimu na wanafunzi wa Kiswahili

Historia hii inatuhusu kwa namna ya pekee, kwa kuwa uamuzi wa mwaka 2022 utatekelezwa darasani, na darasani ndimo ulimokufa uamuzi wa 1973. Tunapendekeza mambo matatu.

La kwanza, tusimwambie mwanafunzi anayekataa kwamba "serikali imekwisha kuamua". Jibu hilo ni lile lile la 1973. Tumuulize anahofia nini. Mara nyingi tutasikia kuhusu mjomba aliyepigwa kwenye kizuizi cha barabarani, au kuhusu mama anayedhani kwamba Kiswahili ni lugha ya wahuni. Hizo ni hoja zenye historia, na zinajibiwa kwa historia. Mwanafunzi aelezwe kwamba lugha hiyohiyo iliyotumiwa na askari ilitumiwa pia na Shaaban Robert kuandika kuhusu utu, na inatumiwa leo na wakulima na wachuuzi kutoka Busia hadi Bukavu.

La pili, tuonyeshe kwa vitendo kwamba Kiswahili hakikalii kiti cha lugha nyingine. Mwalimu anayelinganisha ngeli za Kiswahili na za Luganda, Runyankore au Lusoga anamfundisha mwanafunzi sarufi, na papo hapo anamhakikishia kwamba lugha yake inaheshimiwa. Kwa wanafunzi wa kaskazini, ambao lugha zao si za Kibantu, kazi hiyo inahitaji uangalifu zaidi, maana wao hawana msaada huo wa ngeli na wasije wakajiona wageni katika somo.

La tatu linahusu midahalo. Midahalo ya Kiswahili katika shule na vyuo vyetu kwa kawaida huishia kwa kuhesabu kura za wanaounga mkono na wanaopinga mada. Tunashauri hatua moja iongezwe kabla ya kura: msemaji wa kila upande aeleze kwa maneno yake mwenyewe kile ambacho upande wa pili unakihofia, mpaka upande huo ukubali kwamba umeelezwa sawasawa. Baada ya hapo kura ipigwe. Zoezi hili hufundisha msamiati wa kukubali na kukataa kwa heshima, kama vile "nakubaliana nawe ila", "ikiwa nimekuelewa vizuri" na "tunaloliogopa ni". Hufundisha pia jinsi ya kukaa kikao.

Hitimisho

Katika makala haya tumefuatilia njia tatu ambazo Uganda ilizitumia kuamua nafasi ya Kiswahili. Waraka wa 1927 ulikuwa na hoja nzuri ya elimu, ukashindwa kwa sababu waliopinga walikuwa wakihofia ardhi na mamlaka. Kura ya 1973 iliwapa wengi walichotaka, ikashindwa kwa sababu wengi hao walichotaka ni kuizuia Luganda, na wachache hawakubakiziwa kitu. Njia ya tume na Bunge la Katiba ilikinyima Kiswahili cheo mwanzoni, lakini ililinda lugha nyingine, na kwa kufanya hivyo ikaondoa sababu kubwa ya kukiogopa.

Methali ya "wengi wape" haijakosea. Wengi wana haki yao, na kikao kisichoweza kukata shauri si kikao. Lakini methali hiyo inasema habari za wengi tu, na haisemi wachache wapewe nini. Hilo limeachwa kwa watu walioko kikaoni, na kwetu sisi walimu limeachwa kwa kila darasa litakalofunguliwa vitabu vya Kiswahili kwa mara ya kwanza muhula ujao.